Siku Niliyomnyima Anko Faraji Shikamoo

Juzi gesi ya jirani yangu iliisha katikati ya mapishi, akatoa uvunguni jiko lake la zamani la mafuta ya taa akaliwasha barazani. Harufu ikaingia kwangu kupitia dirishani. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi nasoma riwaya ya mwandishi mmoja kijana, ambaye sijawahi kuonana naye. Nilikuwa nimefika mahali anapomwacha mama wa watu nje ya geti la hospitali, ameshika kanga ya mgonjwa wake, halafu sura inaisha. Sura inayofuata inaanza na habari nyingine kabisa, kana kwamba yule mama hana miguu ya kuuma. Nikakifunga kitabu kwa nguvu, nikamwambia mume wangu kwamba wiki ijayo nitakutana na huyo kijana kwenye shughuli ya waandishi kule Kinondoni, na kwamba sitampa mkono.

"Kwani kaandika vibaya?" akauliza.

"Kaandika vizuri mno. Ndiyo maana."

Mume wangu amenizoea. Alitikisa kichwa akarudi kwenye mpira wake.

Mimi mwenyewe ni mwandishi, na watu hudhani sisi tukisoma kazi za wenzetu tunavaa miwani na kupima mambo kwa utulivu, hapa pazuri, pale pamelegea. Labda wapo wanaofanya hivyo. Mimi nikikuta sentensi nzuri ya mtu, kwanza naona wivu, tena wivu wa tumboni kabisa. Halafu naitafuta kasoro. Nikiikosa, naanza kumpenda mwandishi bila hata kumwomba ruhusa. Na nikishampenda, ole wake amguse mtu wangu yeyote mle kitabuni. Siku zote nilidhani tabia hii niliiokota ukubwani, kwa sababu ya kazi. Harufu ile ya mafuta ya taa ndiyo iliyonikumbusha kwamba nilianza nayo Tabata, nikiwa darasa la nne, na kwamba mwandishi wa kwanza niliyegombana naye tulikuwa tunachangia naye bomba.

Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Bi. Zainabu. Wenzangu mliokulia nyumba za kupanga mnaijua bila kuambiwa: korido ndefu katikati, milango huku na huku yenye mapazia, na uani bomba, tenki la maji, kamba za nguo na kuku wa mwenye nyumba wanaopita popote wanapotaka. Bi. Zainabu, mzaliwa wa hapahapa Dar, alikaa chumba cha mbele ili aone nani anaingia na nani anatoka. Wazazi wangu walikuja kutoka Mbeya. Baba alikuwa fundi umeme, na gazeti lake lilianzia ukurasa wa michezo na kuishia hapohapo. Chumba kilichotazamana na chetu alikaa Anko Faraji na mkewe, Mama Shani. Anko Faraji alikuwa karani kwenye ghala moja bandarini, mtu mwembamba, mpole, shati lake limenyooka hata jioni akirudi. Na alikuwa ameandika kitabu.

Nasema kitabu cha kweli, kilichopigwa chapa, kina jalada lenye picha ya mnazi na jina lake kwa herufi nyekundu. Nakala zilikuja kwenye maboksi, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja, maboksi yakapangwa pembeni ya jiko. Ndiyo maana kila kitabu kilichotoka mle kilinuka mafuta ya taa. Kila mpangaji alipewa nakala yenye sahihi. Ya kwetu baba aliiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya glasi za wageni na birika la harusi ambalo halikuwahi kuonja chai. Kuwekwa pale ilikuwa heshima kubwa, kwa sababu kilichoingia kwenye kabati lile hakikutoka tena.

Anko Faraji alikuwa na swali lake. Akikutana na mtu bombani, kwenye korido, mlangoni kwa Bi. Zainabu, atasalimia vizuri, atauliza habari za nyumbani, halafu atashusha sauti: "Umefika wapi?"

"Nimekimaliza, Bwana Faraji," baba alimjibu, akigusa kifua. "Yaani kimenikaa hapa."

"Kina mafunzo mengi sana," alisema Bi. Zainabu. "Vijana wa siku hizi wakisome."

Mama yangu alimwambia hongera, tena kwa mikono miwili. Anko Faraji alishukuru kila mmoja, kisha akangoja kidogo, labda kuna neno jingine litafuata. Halikufuata. Baada ya muda akaacha kuuliza. Taipureta yake, ambayo ilikuwa ikitupigia kelele kila Jumapili mchana, ikafunikwa kitambaa cha mezani. Mama Shani alianza kusema waziwazi kwamba maboksi yamemchosha, na muuza karanga wa pale kona alishayaulizia, maana karatasi zake zilikuwa nzuri kwa kufungia. Siku moja nikiwa nakinga maji nilimsikia Anko Faraji akimwambia mkewe taratibu, "Hata mmoja, Mama Shani. Angekisoma hata mtu mmoja tu, mie ningetulia." Nilidhani anasema habari za kazini.

Nilikisoma kwa sababu ya tetekuwanga. Nilizuiwa kwenda shule, nilizuiwa kucheza na wenzangu, nimepakwa dawa ya maji yenye rangi ya waridi mwili mzima, ninawashwa na nimechoka kuhesabu mabati. Mama alipokuwa sokoni nilifungua lile kabati nililokatazwa, nikachomoa kitabu bila kugonga glasi, nikaenda kukaa nyuma ya tenki ambako palikuwa na unyevu na ubaridi. Nilikusudia kutazama picha. Hakikuwa na picha.

Kilikuwa na Bibi Somoe. Aliishi kijijini kusini na mjukuu wake aitwaye Pili. Hakuwa na meno, kwa hiyo muwa wake aliutwanga kwenye kinu kwanza ndipo aufyonze. Aligombana na kuku wake mmojammoja, kila mmoja na kesi yake. Mvua ikinyesha alimficha Pili viatu ili asiende shule akapata homa, kisha mwenyewe akasaidia kuvitafuta, tena kwa bidii, akilaani wezi. Mimi bibi zangu wote wawili walikuwa Mbeya, na niliwahi kuwaona mara moja tu nikiwa mgongoni. Basi nikamchukua huyu. Sikumwambia mtu. Nilirudi nyuma ya tenki kila mama alipotoka, na hata kuku wa Bi. Zainabu nilianza kuwapa kesi zao kwa sauti ya Bibi Somoe. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nacheka peke yangu, kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Halafu ikaja ile sentensi. Mpaka leo naijua: Pili alipokwenda kwa jirani kuomba chumvi, Bibi Somoe alikufa.

Niliirudia. Nikafunua ukurasa uliofuata nikitegemea kuambiwa kwamba alikuwa amezirai. Nikakuta wanaume wanachimba kaburi. Nililia mpaka dawa ya waridi ikanichuruzika hadi tumboni. Kilichonichoma zaidi ni ile chumvi. Alimuua bibi yangu kwa sentensi moja, tena sentensi yenyewe akaigawanya kati yake na chumvi, kana kwamba mambo hayo mawili yana uzito sawa. Leo, baada ya kuhangaika na vifo vyangu vya kwenye karatasi, najua ni kazi ngumu kiasi gani kuandika sentensi kama ile, na ninamwonea wivu nayo. Siku ile nilitaka kumng'ata.

Nilijua ni hadithi. Hilo ndilo watu wazima hawakunielewa baadaye. Kuwa hadithi ndiko kulikomfanya awe na kosa. Bibi wa kweli akifa unaweza kumwuliza Mungu, au malaria, au uzee. Huyu alikuwa na mtu mmoja tu wa kuulizwa, na mtu huyo alikuwa uani, amekunja suruali, anafua soksi zake na kuimba.

"Hujambo mgonjwa wetu?" akaniambia.

Nikageuza uso nikaingia ndani. Kesho yake asubuhi nikampita kimya. Jioni nikampita tena. Katika nyumba ya Bi. Zainabu mtoto aliweza kuvunja sahani akasamehewa, aliweza hata kufiwa na kuku mkononi. Shikamoo lilikuwa jambo lingine. Mtoto asiyeamkia alikuwa aibu ya mama yake, na wapangaji wote walikuwa na haki ya kuuliza kunani. Bi. Zainabu ndiye aliyeanza, kwa ile sauti yake ya kusemea ukutani: "Sijui watoto wa siku hizi wamelishwa nini." Mama akaisikia kama ilivyokusudiwa.

Akanishika mkono akaniingiza chumbani, akashusha pazia, akapiga magoti mbele yangu.

"Neema, mbona humwamkii anko Faraji?"

Nikaanza kukwaruza doa la mkononi.

"Niambie, mama yangu. Kakufanya nini?" Sauti yake ilishuka mpaka chini, na akaangalia tena kama pazia limefunga. Sikujua anaogopa nini. Sasa nina binti, najua.

"Mie hajanifanya kitu," nikasema. "Kamuua bibi."

"Bibi? Bibi gani?"

"Bibi Somoe."

Mama alishusha pumzi, kisha akaivuta tena upesi, maana shida moja ilikuwa imetoka na nyingine imeingia. Akanitazama usoni kuona kama nina homa. Hakuwa mtu wa kuamini haraka, lakini pia hakuwa mtu wa kukaa na jambo kama hilo peke yake. Akatoka hadi kwa Bi. Zainabu, akauliza taratibu, kama anayeuliza bei ya mchicha, "Eti Bi. Zainabu, kuna mtu anaitwa Bibi Somoe mitaa hii?"

"Somoe? Somoe ndugu yangu yupo Temeke. Kwani ana nini?"

Mama angesema hana kitu, mambo yangeishia pale. Lakini alisita, na kwa Bi. Zainabu kusita ilikuwa ni taarifa kamili.

"Ndo maana simuoni tangu Maulidi!" akapiga ukelele, kanga imeshamtoka begani. "Somoe wangu mie! Nani kaleta habari?"

"Mtoto tu, Bi. Zainabu, tuliza moyo. Anasema... eti Bwana Faraji anahusika."

Ndani ya muda mfupi uani palijaa. Wapangaji walitoka na mapande yao ya sabuni na miko yao. Mama Shani alisimama mlangoni kwake ameshika kiuno, anasema mume wake hajawahi kuua hata mende, yeye ndiye huwaua. Baba akatokea kazini na mkate kwapani, akauliza msiba wa nani. Mimi nikasogezwa katikati, na madoa yangu ya tetekuwanga, nikaulizwa tena, nikajibu vilevile. Sikuona cha kubadilisha. Na wakati Bi. Zainabu anatafuta wa kumtuma Temeke, Anko Faraji akaingia kutoka bandarini, shati limenyooka, bahasha mkononi.

"Salaam aleikum. Jamani, kheri?"

"Faraji," Bi. Zainabu akamwita, anahema. "Somoe umemfanya nini?"

"Somoe yupi?"

"Mtoto kasema umemuua!"

Anko Faraji akanigeukia. Hakukasirika. Alinikazia macho kwa namna ya ajabu, akaja mpaka mbele yangu akachuchumaa, na bahasha akaiachia tu chini kwenye maji ya bomba.

"Neema. Unamsema Bibi Somoe wa Pili?"

"Ndiyo," nikasema, na machozi yakaanza upya. "Ulimuua Pili alipoenda kuomba chumvi. Hata hukumngoja arudi!"

Kuku walisikika. Anko Faraji alibaki amechuchumaa, mdomo wazi, halafu akainuka polepole akawatazama watu wazima mmoja baada ya mwingine. Walikuwa bado wanasubiri kuambiwa Bibi Somoe ni nani.

"Baba Neema," akasema. "Wewe si uliniambia umekimaliza?"

Baba akahamisha mkate kwapa la pili. "Nilikimaliza, ndugu yangu. Isipokuwa... kwa juujuu."

"Bibi Somoe yuko ukurasa wa kwanza."

Baba akautazama mkate. Anko Faraji akamgeukia mwenye nyumba.

"Na wewe, Bi. Zainabu? Ulisema kina mafunzo mengi."

"Sasa haya si mafunzo?" Bi. Zainabu akajibu, anajifunga kanga yake upya. "Mtu unaua watu kwenye vitabu, unatutia presha!"

Aliyecheka wa kwanza ni Mama Shani, akaegemea mlango, akacheka mpaka akakaa chini. Uani kote kukalipuka. Mama yangu alicheka na kulia pamoja, akanivutia kwake akanibana hadi nikashindwa kupumua. Ni mimi tu niliyekuwa sioni kichekesho, pamoja na Anko Faraji, ambaye alivuta ndoo akaigeuza, akakaa mbele yangu, na kunihoji kama vile wengine hawapo.

"Ulilia?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Nyuma ya tenki."

"Sana au kidogo? Ulianza palepale kwenye chumvi, au mpaka walipochimba kaburi?"

"Kwenye chumvi."

"Kwenye chumvi!" akasema, akapiga paja. "Na kuku je? Kwenye kuku ulicheka?"

Nilikasirika. Nilitaka kesi, yeye anauliza habari za kuku. "Kwa nini ulimuua?"

Akavua kofia yake akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Mie mwenyewe nilikaa siku nyingi siwezi kuandika. Namfikisha mlangoni, namrudisha. Hata kula sikuweza, muulize Mama Shani."

"Alikula," Mama Shani akasema kutoka chini alipokaa. "Tena wali wa nazi, akaongeza."

"Nilikula, lakini sikuonja." Akanisogelea. "Sikia, Neema. Bibi kama yule angebaki hai, Pili angeondokaje pale nyumbani? Wewe ungeweza kumwacha?"

"Nisingemwacha."

"Umeona sasa."

"Basi asingeondoka! Wangekaa tu."

Akairudisha kofia kichwani. Nadhani hata angekuwa na jibu nisingelipokea, na mpaka leo bado nadhani wangeweza kukaa tu, ingawa sababu ileile ya Anko Faraji nimeshawapa wasomaji wangu zaidi ya mara moja, nikiwa nimevaa miwani. Alinipa mkono, mkono wa mtu mzima kwa mtu mzima, akasema, "Basi usinisamehe haraka." Kisha akaingia ndani, na kabla mama hajamaliza kuepua chai, tukaisikia taipureta inagonga. Muuza karanga alipopita kuulizia maboksi yake, Mama Shani alimwambia karatasi zile hazifai, zina mafuta ya taa.

Baba ndiye aliyebaki na deni la aibu. Kila akipita uani mtu anamwuliza amefika wapi, watu wanacheka. Mwishowe akafungua kabati, akakitoa kitabu, akaketi kwenye kigoda mlangoni na singlendi yake, akaanza ukurasa wa kwanza. Alisoma kwa kufuatisha kidole, midomo inacheza. Siku za mwanzo alisoma kama mtu anayemeza dawa. Halafu jioni moja tukamsikia anacheka peke yake, na mama alipochungulia akasema, "Huyu bibi na kuku wake, jamani!" Siku nyingine alikataa kuja kula mpaka amalize ukurasa. Nilimwangalia kwa mashaka, kwa sababu mimi nilijua kinachokuja, na nilijiuliza kama ni vizuri kumwonya. Nikaamua asome mwenyewe.

Ikawa asubuhi moja, uani watu wanapishana na ndoo. Anko Faraji alikuwa bombani anapiga mswaki. Baba akatoka chumbani, macho mekundu, taulo begani.

"Baba Neema, umeamkaje?" Anko Faraji akamsalimia, povu mdomoni.

Baba hakujibu. Alimpita karibu kabisa, bega linakaribia kugusana, akaingia bafuni, akabamiza mlango wa bati.

Mama aliona aibu, akaanza kumwomba radhi kwa niaba ya mumewe. Anko Faraji hakumsikia. Alisimama ameduwaa, povu linamtiririkia kidevuni, kisha akatupa mswaki kwenye ndoo ya watu na kukimbia kwenye korido, ndala moja imebaki nyuma.

"Mama Shani! Amka, Mama Shani! Baba Neema kafika kwenye chumvi!"